Nomino Nyingi, Vitenzi Haba: Lugha ya Kuuelezea Umma Ulimwengu wa Vijidudu

Katika zahanati za kata ya Segese, Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, kama ilivyo katika zahanati nyingi za ukanda wa dhahabu kuanzia Shinyanga hadi Geita, mchimbaji mdogo aliyeshikwa na homa hutobolewa kidole, tone la damu yake hudondoshewa juu ya kipande cha plastiki, na baada ya dakika 15 au 20 huambiwa kwamba "ana wadudu". Hakuna aliyewaona wadudu hao. Kipimo hicho cha haraka hakimwonyeshi mtu kimelea cha malaria. Huonyesha mstari unaojitokeza pale protini za kimelea zinaponaswa juu ya karatasi. Ni kichekesho kidogo kwamba rangi nyekundu ya mstari huo aghalabu hutokana na chembechembe ndogo mno za dhahabu. Mchimbaji anayeisaka dhahabu ardhini hupimwa homa yake kwa dhahabu, wala hakuna anayemwambia.

Sentensi "ana wadudu" inastahili kuchunguzwa na wanaisimu kwa makini zaidi kuliko ilivyochunguzwa hadi sasa. Neno mdudu lina eneo pana la maana. Nzi ni mdudu, mbung'o ni mdudu, na minyoo nayo huitwa wadudu wa tumbo. Tangu zamani, kidole kilichovimba na kutunga usaha husemwa kuwa kina mdudu. Katika miongo ya karibuni, kumsema mtu kwamba "ana mdudu" kumekuwa ni tafsida ya kusema kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Hivyo, anapoelezwa kuwa mbu, ambaye ni mdudu, amemwingizia wadudu, msikilizaji huwa na haki ya kudhani kwamba kilichomo damuni mwake ni kitu chenye miguu kitakachouawa kama kinavyouawa kiroboto kwa dawa ya unga. Mdudu aliyenyunyiziwa dawa hufa papo hapo. Kwa nini basi vidonge vimezwe hadi vya mwisho, ilhali homa imekwisha kutoka tangu juzi?

Jibu ambalo wataalamu wa istilahi wamezoea kulitoa ni kwamba umma hauna maneno sahihi, na kwamba ukipewa maneno hayo mambo yatanyooka. Kazi iliyofanywa kwa imani hiyo si haba. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na orodha zake za istilahi zimegusa nyanja nyingi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na mwaka 2003 ikatoa Kamusi ya Tiba. Bakteria, virusi, kuvu, protozoa, kimelea, hadubini: maneno haya yapo, yamesanifiwa, na mengine yametua vizuri katika lugha. Hata hivyo, miaka 30 na zaidi baada ya kamusi ile ya kwanza, mchimbaji wa Segese bado ana wadudu. Makala haya yanashikilia kwamba upungufu uliopo si wa majina. Kilichosahauliwa ni vitenzi, yaani maneno yanayoeleza viumbe hao wanafanya nini.

Kabla ya kuendelea, yafaa neno vijidudu litetewe, kwa sababu wapo wasomi wanaolionea haya. Mtu wa kwanza kuandika kwa kirefu juu ya viumbe wa aina hii hakuwa msomi. Antoni van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi. Hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati wake, kwa hiyo barua alizoipelekea Jumuiya ya Kifalme ya London kuanzia mwaka 1673 aliziandika kwa Kiholanzi cha nyumbani. Katika barua yake mashuhuri ya mwaka 1676 aliwaita viumbe aliowaona majini kwa neno lenye kiambishi cha udogo, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa vinyama. Alifanya kwa Kiholanzi kile kile ambacho Kiswahili hufanya kinapochukua mdudu na kumpa ki-ji-. Tofauti ni kwamba baada ya kuvitaja vinyama vyake, Leeuwenhoek alieleza kwa kurasa nyingi jinsi vilivyokwenda, vilivyojipinda na vilivyokufa alipovitilia siki. Jina lilikuwa la mtaani. Maelezo ndiyo yaliyoifanya kazi hiyo kuwa sayansi.

Kiswahili chenyewe kimekwisha kuonyesha kwamba hakiogopi viumbe hawa. Mfano mzuri ni virusi. Neno hili limetoka katika Kilatini kwa kupitia Kiingereza, na lilipoingia lilikuwa umbo moja tu. Wasemaji walipoisikia silabi ya kwanza vi-, waliihesabu kuwa kiambishi cha wingi, wakaunda umoja wake: kirusi. Hakuna kamati iliyowaagiza. Ni kanuni ile ile iliyokipa kitabu cha Waarabu wingi wa vitabu, na iliyofanya madereva wapate kiplefti na viplefti. Kwamba kirusi sasa kinagongana na lugha ya Warusi ni jambo dogo, muktadha hutenganisha.

Lakini upatanisho wa kisarufi unazua swali kubwa zaidi. Je, isemwe "virusi wanaishi" au "virusi vinaishi"? Kwa kawaida, nomino ya ki-vi inayotaja kiumbe hai hupatanishwa kwa a-wa: kiboko huyu, kipepeo yule. Nomino ya udogo, kwa upande mwingine, hubaki na ki-: kijitoto hiki kinalia. Kijidudu kimesimama katikati ya kanuni hizo mbili, ndiyo maana magazeti huandika vijidudu vinashambulia leo na vijidudu wanashambulia kesho. Bakteria ambao kwa hakika hula, hukua na kugawanyika, wanastahili a-wa bila ubishi. Virusi ni kitu kingine: nje ya seli za kiumbe mwingine hakili wala hakizai, na wanabiolojia wenyewe hawajakubaliana kama kihesabiwe kuwa hai. Mwalimu wa darasa la sita akiwauliza wanafunzi wake kwa nini bakteria hawa lakini virusi hivi, atakuwa amefundisha sarufi na biolojia kwa pumzi moja. Fursa kama hiyo hazina lugha nyingi za sayansi, na inapotea bure.

Inapotea kwa sababu ya jinsi somo lenyewe lilivyogawanywa. Mtoto wa shule ya msingi hukutana na vijidudu kwa Kiswahili, na karibu kila mara hukutana navyo kama maadui: vinaingia, vinashambulia, vinaua. Vitenzi ni vya vita. Akifika kidato cha kwanza hukutana upya na viumbe hao kwa Kiingereza, na huko ndiko anakoambiwa kwamba wengi wao hawana madhara, na kwamba bila wao udongo usingekuwa na rutuba wala ng'ombe asingeweza kumeng'enya majani. Habari hiyo ya pili haimfikii anayeishia darasa la saba, na anayeipata huipata katika lugha asiyoitumia na mama yake. Kwa njia hiyo, nusu nzima ya elimu ya vijidudu imekosa Kiswahili, na nusu hiyo ndiyo inayotendeka kila siku jikoni.

Tazama hazina iliyoko huko. Maziwa huganda. Unga huumuka. Togwa huchacha, na mpishi wa kangara au wanzuki hujua kuichachua pombe yake kwa saa anayoitaka. Ndizi huvundikwa, nyama huvunda, dagaa waliolowa huoza, mkate huota kuvu. Hakuna msemaji anayevichanganya vitenzi hivi. Kuchacha si kuoza, na kuvundika si kuvunda ingawa mzizi ni mmoja. Kila kimoja kinataja kazi ya aina fulani ya vijidudu, au kazi inayokaribiana nayo sana, na kila kimoja kina maarifa nyuma yake. Mwanamke wa Kisukuma anayebakiza maziwa ya jana kidogo kibuyuni ili yagandishe ya leo anapandikiza bakteria wa asidi ya laktiki kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Analolikosa si ujuzi, ni sentensi moja tu inayoeleza kwamba ndani ya kibuyu kuna viumbe hai wanaokula sukari ya maziwa na kutoa ukali unaoyagandisha, na kwamba ukali huo huo huwazuia wale wanaoharisha.

Ikumbukwe kwamba sayansi yenyewe ilianzia hapo. Louis Pasteur, kabla ya kuandika lolote juu ya maradhi, alitoa mwaka 1857 maandiko yake juu ya kuchacha kwa maziwa, naye alikuwa amevutwa katika jambo hilo na matatizo ya watengeneza pombe wa mji wa Lille. Kutoka kwenye pipa alikwenda kwenye ugonjwa. Mitaala imeigeuza safari hiyo: huanza na kuhara damu, na mara nyingi haifiki kwenye kibuyu.

Si kwamba Kiswahili hakijawahi kufaulu. Sumukuvu ni ushindi ambao haujasifiwa vya kutosha. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu yaliwaugua watu 317 mashariki mwa Kenya na kuwaua 125 kati yao. Mwaka 2016, mikoani Dodoma na Manyara, waliugua 68 wakafa 20. Jina la kigeni la sumu hiyo, aflatoksini, halikumwambia mkulima kitu. Sumukuvu humwambia nusu ya somo kabla mtaalamu hajafungua kinywa: ipo sumu, na inatokana na kuvu. Nusu ya pili, yaani kwamba sumu hubaki hata kuvu likipanguswa na hata ugali ukiiva, haimo katika jina na haiwezi kuwamo. Hiyo inahitaji kuelezwa. Kwa watu wa Shinyanga maelezo hayo yana pa kuanzia, kwa sababu wao wana michembe na matobolwa. Kiazi kilichokatwa na kuanikwa hadi kikakauka kabisa hudumu miezi mingi kwa kuwa kuvu haliwezi kuota pasipo unyevu. Mtu ambaye bibi yake alikuwa akigeuza michembe juani na kuiingiza ndani wingu linapotanda hahitaji kufundishwa kanuni hiyo upya. Anahitaji kuambiwa kwamba mahindi nayo yanaifuata.

Homa ya papasi ni mfano mwingine, na wa zamani zaidi. Jina linamtaja mbebaji. Mwaka 1905 Robert Koch, yule aliyekwisha kukigundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alikuja katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki akachunguza papasi, akawaona viini vya homa hiyo hata ndani ya mayai yao. Linganisha jina hilo na kifua kikuu, linalotaja mahali panapouma na ukubwa wa maumivu, bila kueleza ugonjwa unatoka wapi wala unakwenda kwa nani.

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la wanaisimu peke yao. Segese na machimbo yanayoizunguka yana maduara na makarasha. Mwamba husagwa, vumbi lake hupumuliwa kutwa, na kila mchimbaji anajua kwamba vumbi hilo huharibu kifua. Anachokijua ni kweli. Silika iliyomo katika vumbi hutia makovu ndani ya mapafu. Lakini kwa kuwa vumbi ni sababu inayoonekana na inayotosha, kikohozi cha wiki ya tatu huitwa cha vumbi, na anayekohoa hushuka tena duarani na wenzake, mahali pembamba pasipo na upepo. Jambo asiloambiwa ni kwamba vumbi na bakteria hushirikiana: mapafu yaliyojeruhiwa na silika hushindwa kumzuia bakteria wa kifua kikuu, na wenzake duarani huvuta hewa aliyokohoa. Kumwambia mchimbaji kwamba "kikohozi si cha vumbi, ni cha bakteria" ni kumwambia uongo ambao ataukataa kwa haki. Kiunganishi ndicho kinachohitajika, wala si istilahi: vumbi humfungulia mlango.

Vivyo hivyo kuhusu dawa zake, zinazomezwa kwa miezi 6. Tanzania ina historia ya kujivunia hapa. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa ushirikiano na Karel Styblo, ndio uliotoa kielelezo cha utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza duniani kote katikati ya miaka ya 1990, wa mgonjwa kumeza dawa mbele ya msimamizi. Utaratibu huo umeokoa watu wengi mno. Hata hivyo msimamizi anaweza kuhakikisha kidonge kimemezwa bila mgonjwa kujua kwa nini ni miezi 6 na si wiki mbili. Sababu inaelezeka kwa Kiswahili chepesi. Bakteria wa kawaida wa tumboni, akipata chakula, huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Huyu wa kifua kikuu hukawia saa 20 hivi, na wengine miongoni mwao hulala. Dawa huwapata zaidi wale wanaofanya kazi. Waliolala huisubiri ipite. Anayeacha dawa kwa kuwa amepata nafuu huwaachia waliolala waamke, na kila anaporudia kuanza na kuacha, huwapa nafasi wale walioizoea dawa. Kulala, kuamka, kuzoea: mchimbaji wa zamu ya usiku anavifahamu vitenzi hivi vyote.

Pengine itasemwa kwamba maelezo ya namna hii yanafaa kwa mazungumzo, na kwamba haiwezekani kumfikia kila mtu kwa mazungumzo. Historia inakanusha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchini kote katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilisikiliza kipindi, kilisomewa kijitabu, kikajadiliana, kisha kikaamua la kufanya, na vyoo vingi sana vilichimbwa kutokana na maamuzi hayo. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai. Nguvu ya kampeni hizo ilikuwa katika hatua ile ya tatu, ya kujadiliana, ambapo maneno ya redio yalilazimika kupita katika vinywa vya wanakijiji wenyewe. Mabango ya siku hizi yanasomwa na kupitwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: katika Segese, nyumba nyingi huzungumza Kisukuma, na machimboni huja watu wa makabila mengi. Ni kweli kwamba sera ya lugha imekinyamazia Kisukuma mno. Lakini duarani, ambako Msukuma, Muha na Mkurya hushikilia kamba moja, lugha ni Kiswahili, nacho ni Kiswahili chenye msamiati wake wa kitaalamu ambao haukutoka kwenye kamati yoyote: duara, mwalo, marudio, karasha, kuchenjua. Wenye msamiati huo ni wataalamu wa kemia ya vitendo. Wanajua zebaki hukamata dhahabu na moto huitenga. Ukiwaambia kwamba katika mgodi wa Fairview, Barberton, Afrika ya Kusini, tangu mwaka 1986 bakteria wametumiwa kula sulfaidi iliyoifunga dhahabu ndani ya mawe, watauliza maswali ya maana kuliko darasa zima la kidato cha nne, kwa sababu kwao bakteria hao ni wachenjuaji wenzao.

Kwa hao ndiko inakotakiwa kupelekwa habari ambayo ni ngumu na ya lazima. Zebaki iliyochomwa hupaa kama moshi, na hatari ya moshi huo hutajwa mara kwa mara. Hatari ya ile inayobaki kwenye marudio haiwezi kuelezeka pasipo kuwataja vijidudu. Tangu mwaka 1969, Jensen na Jernelöv walipochapisha uchunguzi wao nchini Sweden, inajulikana kwamba zebaki ikifika kwenye tope la chini ya maji hubadilishwa na viumbe wa humo ikawa sumu kali zaidi, ya aina ile ile iliyolemaza na kuua watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 umeuchukua mji huo kuwa jina lake. Maelezo kwa mchenjuaji yangeweza kuwa hivi:

"Zebaki iliyobaki kwenye marudio haitulii. Mvua inaikokota mpaka lamboni, nayo inazama kwenye tope. Chini ya tope, ambako hewa haifiki, wapo bakteria wanaotumia salfeti pale sisi tunapotumia hewa. Wakikutana na zebaki wanaigeuza. Iliyogeuzwa haing'ai wala haionekani, na inaingia mwilini upesi lakini inatoka polepole. Kidudu cha majini kinaila. Samaki mdogo anakula vidudu vingi. Kambale anakula samaki wadogo wengi. Mtu anamla kambale. Kila mlaji anarundikiwa yote ya walioliwa kabla yake. Akiwa ni mama mjamzito, inavuka hadi kwa mtoto, na inapofikia ni kwenye ubongo unaojengwa."

Katika aya hiyo istilahi ni mbili tu, bakteria na salfeti, na jina la sumu yenyewe halikutajwa. Linaweza kufuata baadaye, likihitajika. Kitenzi kinachobeba kemia yote ni kugeuza. Kuchenjua, ambacho kingevutia kwa kuwa ni cha mahali pale, hakikufaa, kwa maana kwa mchimbaji kuchenjua ni kutenga chema na kibaya, na walichofanya bakteria wa tope ni kukifanya kibaya kuwa kibaya zaidi na kukificha. Kuhusu kurundika bado pana shaka: machimboni kinachorundikwa ni marudio, na marudio hurundikwa kwa sababu yana thamani, kwani huchenjuliwa tena. Huenda kulimbika ni bora zaidi, au kipo kitenzi kingine ambacho wachenjuaji wa Segese wanacho. Kamati za istilahi huwaalika daktari, mkemia na mwanaisimu. Swali hili hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kulijibu.